Umeitwa TTU? Mambo 10 Fresha Anafaa Kujua Kabla Semista ya Kwanza Kule Voi Imkule

Pongezi kwanza. Ulikalia KCSE, ukangoja matokeo, ukangoja KUCCPS, na sasa meseji imeingia: Taita Taveta University. Mabeshte wa mtaa wanauliza hiyo iko wapi, mathe anauliza kama huko kuna simba, na wewe uko kwa simu unatafuta picha za hosteli. Tulia. Tumekuchorea ramani.

TTU ilianza kama kolagi chini ya JKUAT, halafu ikapata chata yake Oktoba 2016. Kampasi kuu iko Mariwenyi, kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Mwatate. Kampasi ya Ngerenyi iko juu milimani, upande wa Wundanyi, na huko mambo mengi ni ya kilimo. Anwani ya chuo inasema Voi, ndio maana wengi wanadhani watashuka stejini watembee hadi getini. Zii. Bado una mat ya kupanda.

Sasa shika hii moja kabla hatujaenda mbali. Fresha wengi wanaoacha chuo hawafukuzwi. Wanapotea polepole. Wiki ya tatu doh imeisha, wiki ya tano CAT imempita, wiki ya nane anamwepuka lec, halafu asubuhi moja roommate anaamka anapata kitanda cha pili kiko wazi. Karibu kila kitu kilichomkula huyo msee kilikuwa na ofisi yake na tarehe yake ya mwisho. Shida ni alikaa nayo kimya. Kwa hivyo hii orodha yote inasema kitu kimoja: uliza mapema, kabla ikuchome.

1. Safari: fika mchana, fika mwepesi

Kutoka Nairobi una njia mbili kubwa. Treni ya SGR ile ya asubuhi, ya kusimama vituo, inasimama Voi, na kwa mtu ana sanduku ni raha kuliko basi. Kituo kiko nje kidogo ya mji, so weka kando doh ya tuktuk ama boda. Tiketi za wakati wa kufungua na kufunga huisha haraka sana. Usingoje siku ya mwisho ndio uanze kulia kwa simu.

Njia ya pili ni basi za Mombasa Road, zinapita Voi mchana na usiku. Hapa tuongee kama watu wazima. Hiyo barabara ndio ya malori yote ya kutoka bandarini. Machi 2024 basi ya wanafunzi wa Kenyatta University iligongana na trela pale Maungu, hapo tu karibu na Voi, na comrades 11 wakafa. Walikuwa wanaenda trip ya masomo. Kwa hivyo ukiweza chagua mchana, funga mshipi hata kama wewe ndio peke yako umefunga, na dere akianza kuovateki kwa kona, sema. Ukinyamaza ndio uonekane mpoa, unacheza na maisha yako.

Ukifika Voi, tafuta mat za Mwatate na Wundanyi, mwambie konda mapema unashuka TTU. Usibebe nyumba nzima. Godoro, ndoo, sufuria na jiko utapata Voi, na kubeba godoro kutoka Busia hadi Taita ni kujitesa bure.

2. Makaratasi: kulala hosteli hakukufanyi mwanafunzi

Mwanafunzi ni yule yuko kwa sistimu. Unaweza kula mess, kukaa mbele darasani na kujua jina la lec, lakini kama hujasajili masomo yako kwenye tovuti ya chuo, siku ya mtihani wewe ni mgeni. Wiki ya kwanza, wenzako wakitafuta bash iko wapi, wewe maliza haya:

- Peana barua ya kuitwa, resalti slip, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na picha za paspoti. Beba orijino na kopi, na kila kitu kipige picha ujitumie kwa imeili. Simu huibiwa, imeili hukaa.
- Sajili masomo ya semista, kisha uprinti ama upige skrinshoti ya kuonyesha umesajili.
- Jisajili SHA kama bado. Ndio ilichukua mahali pa NHIF kutoka Oktoba 2024. Uliza kliniki ya chuo inatibu nini na nini utajilipia. Voi kuna Moi County Referral Hospital, jua njia ya kufika kabla uwe mgonjwa.
- Kama umepewa kozi hukuitaka, usikae ukilia kwa hosteli. KUCCPS hufungua dirisha la kuhama chuo ama kozi kwa wale wa mwaka wa kwanza, na dirisha hilo hufungwa haraka. Uliza ofisi ya usajili tarehe zake hiyo wiki ya kwanza. Ukikuja kuuliza semista ya pili, utaambiwa pole.

3. Doh: hapa ndio watu huangukia

Tangu 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kulipia chuo. Unawekwa kwa bendi kulingana na hali ya kwenu, kutoka 1 hadi 5. Ulipoanza, bendi ya 1 ilikuwa inapata skolashipu 70%, loni 25%, na familia inatoa 5%. Bendi ya 5 ilikuwa skolashipu 30%, loni 30%, na familia inatafuta hiyo 40% yenyewe. Doh ya matumizi ilikuwa 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ikishuka hadi 40,000 kwa bendi ya 5. Desemba 2024 mahakama kuu ikasema huo mfumo unavunja Katiba, kesi ikaenda rufaa. Kwa hivyo soma barua yako wewe, ya mwaka wako. Ya beshte wa mwaka jana haikusaidii.

Kama umewekwa bendi ya watu wa gari na kwenu hata baiskeli ni ya jirani, kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti ileile uliyoombea. Usikubali tu. Tafuta karatasi za kuonyesha hali halisi: barua ya chifu, cheti cha kifo kama mzazi alishaenda, karatasi za hosi kama kuna mgonjwa nyumbani.

Pia elewa hii: HELB ni loni, si zawadi ya prezzo. Ina riba ya 4% kwa mwaka na wanaanza kuitafuta mwaka mmoja baada ya kumaliza. Na mwaka wa pili unaomba tena, haijiombi yenyewe. Kuna wasee huingia mwaka wa pili wakingoja doh ambayo hawajaiomba.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme uko bendi ya 3, ulipewa 50,000 ya mwaka. Inagawanywa mara mbili, so semista moja ni 25,000. Inaingia, simu inalia, unaona wewe ni tajiri. Tuseme keja ni 3,000 kwa mwezi, miezi minne ni 12,000. Umebaki na 13,000. Semista na mitihani tuseme ni wiki 16. Hiyo ni kama 812 kwa wiki, ama shilingi 116 kwa siku. Hapo hujalipa nauli, bando, sabuni wala fotokopi.

116 kwa siku. Iandike kwa ukuta.

Sasa ile wikendi HELB imeingia, mtu ananunua viatu vya 3,500 na kualika wasee wa hosteli nzima. Amekula siku 30 za chakula kwa usiku mmoja. Na hapo hatujaongea kuhusu ile ndege ya kubet kwa simu, ile inapaa halafu inatoweka na doh yako. Hiyo kitu imemaliza comrades wengi. Haikuachii harufu mdomoni, ndio maana hakuna mtu anakushuku hadi siku unakopa ya unga. Kama umeanza na huwezi kuacha, hiyo ni shida kama malaria, inatibiwa. Ruka namba 10.

Mbinu ni rahisi. Siku doh imeingia, lipa keja ya semista yote kama landlord anakubali, na chukua risiti. Nunua unga, mchele, maharagwe na mafuta ya mwezi. Inayobaki iweke mahali haionekani kwa urahisi, ujitolee ya wiki moja kila Jumatatu. Na jua HELB huchelewa. Chuo inaweza kufunguliwa na doh ikaja wiki kadhaa baadaye, so njoo na ya kukushikilia. Fuliza isikuwe mpango wa maisha.

4. Keja, maji na msosi

Ukipata hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, ichukue. Uko karibu na darasa, maktaba na watu. Ukikosa, kuna wenye hukaa karibu na geti, wengine Mwatate, na wengine Voi mjini, mitaa kama Sofia, Mwakingali, Birikani ama Mabomani. Voi ina maduka na sherehe, lakini piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi siku tano kwa wiki kabla useme keja ni bei rahisi.

Usilipe nyumba hujaiona. Matapeli wa kutuma picha za bedsitter safi halafu wanakuomba deposit kwa simu wako kila mahali. Ukifika, uliza maswali matatu: maji inakuja siku gani, stima ni tokeni yako ama ya plot nzima, na lango hufungwa saa ngapi.

Swali la maji si mchezo. Hii ni nchi kavu. Chemchemi ya Mzima iko hukuhuku Tsavo West, bomba lake linapeleka maji hadi Mombasa, na bado wenyeji wa Voi hukaa siku kadhaa wakingoja mfereji ulie. Nunua mitungi miwili ya lita 20 kabla ununue spika. Maji ikikuja, jaza vyote. Ya kunywa chemsha ama weka dawa.

Jua ya Voi nayo ni ya ukweli, na mbu wako, so neti ni lazima. Ukitumwa Ngerenyi mambo ni kinyume: huko ni milima, ukungu na baridi ya asubuhi. Beba sweta, usije na vesti ukidhani Taita yote ni Pwani ya joto.

Msosi, kibandaski ndio rafiki yako, na kupika ndio ndugu yako. Chapo dondo inashikilia tumbo kuliko chipo za 100. Jiungeni watu watatu ama wanne mpike kwa zamu, gesi moja, sufuria moja. Na ukikaribishwa kimanga, kile chakula cha Wataita cha kuponda, mihogo ama ndizi na maharagwe, kula. Kinashiba hadi kesho.

5. Masomo: hakuna kengele

Hai skul ulikuwa unaamshwa, unapigiwa kengele na kufuatwa na mwalimu wa zamu. Hapa hakuna mtu atakutafuta. Lec anaingia, anaongea saa mbili, anatoka. Uelewe usielewe, hiyo ni juu yako.

Vyuo vingi hapa Kenya hupima hivi: CAT na kazi za katikati ni 30, mtihani wa mwisho ni 70, na pasi ni 40. Maana yake msee aliyekosa CAT zote anaingia mtihani akitafuta 40 kwa 70. Tena vingi vina sheria ya mahudhurio, ukikosa madarasa mengi hukubaliwi kufanya mtihani. Uliza sheria ya chuo yako na ya idara yako, iko kwa kitabu cha wanafunzi ambacho kila mtu hupewa na hakuna mtu husoma.

Adui mwingine anaitwa missing marks. Ulifanya mtihani, matokeo yakatoka, mahali pako kuna pengo. Dawa yake huanza kabla: saini karatasi ya mahudhurio kila darasa, saini ile ya mtihani, tunza CAT ulizorudishiwa, na hifadhi kadi ya mtihani. Pengo likitokea, nenda idarani wiki hiyohiyo na ushahidi wako. Kuna wasee wamefika siku ya kugraduate wakapata jina halipo juu ya CAT ya mwaka wa kwanza.

Kama umekuja kwa kozi ya migodi, ambayo ndio imejengea TTU jina, hesabu na fizikia ya mwaka wa kwanza haina huruma. Tafuta kikundi cha kusoma wiki ya pili, isikuwe wiki ya kumi na mbili. Na mwakenya acha. Ukishikwa na hicho kikaratasi, sup ni ndoto nzuri, juu unaweza kwenda nyumbani kabisa.

6. Gold rush: wewe ndio dhahabu

Kila chuo Kenya inaijua hii. Mafresha wakiingia, wale wa mwaka wa tatu na wa nne wanakuwa wapole ghafla. Wanakubebea sanduku, wanakuonyesha maktaba, wanakununulia lanchi. Wengine ni watu wazuri tu. Wengine wanachimba. Kwa mji wa migodi hiyo jina imekaa kabisa.

Dada, msaada wa sanduku hauna bili. Hakuna lanchi ina deni la usiku. Na brathe, hata wewe unachimbwa: kuna yule amekupenda sana wiki HELB imeingia, na kuna wale mabeshte wapya wanakujua ukiwa na doh tu.

Ukiamua kuwa na mtu, iwe ni wewe umeamua. Kondomu ni lazima, na mwende mpimwe wote wawili. Ikitokea hatari, ama mtu amekulazimisha, dawa ya kuzuia HIV, ile PEP, inaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndio poa zaidi. Nenda hospitali kwanza, usioge, usifue nguo. Namba 1195 ni ya bure kwa mambo ya dhuluma za kijinsia.

Na kuna hii hupita kimya: mtu wa ofisi ama darasa akikuambia marks zako ziko kwake nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa mfanyakazi wa shule ama chuo anayetumia cheo chake hivyo. Hifadhi meseji, mwambie mtu unayemwamini, ripoti. Si wewe umekosea.

7. Jiwe la kijani: usiguse biashara hujui

Hii haitakupata Nairobi, lakini hapa itakupata. Utakaa kibandaski, jamaa atatoa kikaratasi mfukoni, afungue, kuna jiwe la kijani linang'aa. Atakuambia ni tsavorite, anauza haraka juu mtoto ni mgonjwa, na wewe ukiipeleka Nairobi unaomoka.

Tsavorite ni ya ukweli na jina lake limetoka kwa Tsavo yenyewe. Lakini chupa ya soda iliyovunjika pia ni ya kijani. Na hata kama jiwe ni orijino, sheria ya madini ya 2016 inataka leseni kwa kila mtu anayefanya biashara ya madini. Mawe haya pia yamemwaga damu: Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyeyatambulisha kwa dunia, aliuawa na genge karibu na Voi mwaka 2009 kwa mzozo wa migodi. Kama unataka kuingia kwa mawe, soma kozi yako, upate leseni, uingie kwa mlango wa mbele. HELB yako haifai kuwa kwa kikaratasi cha mtu.

8. Ndovu hana habari wewe ni comrade

Mathe hakukosea sana kuuliza simba. Mbuga za Tsavo East na Tsavo West, zilizoanzishwa 1948, zinachukua kama 62% ya kaunti. Watu na wanyama wanapakana, na ndovu hutoka wakitafuta maji na mashamba, hasa kiangazi. Wenyeji wamepoteza mazao, na wengine wamepoteza watu wao.

Kwa hivyo kutembea kwa miguu saa nne usiku kwa barabara ya vichaka ukitoka bash si ushujaa. Chukua boda unayemjua, ama lalia hapo hadi asubuhi. Ukiona ndovu, usimsogelee ndio upate video. Rudi nyuma polepole, toka njia yake, usipige kelele wala kumtupia mawe. Na wenyeji wakisema leo msipite hapo, msipite. Wamezaliwa hapa.

9. Salamu: acha "niaje buda" stejini

Umetoka Eastlands, Sheng yako ni moto, poa. Lakini hapa ni kwa watu. Ukimwambia mzee wa miaka 60 "sema buda", hujasema kitu kibaya kwenu, lakini kwake umemvua kofia. Shikamoo inafungua milango, na marahaba ni ya bure. Mama wa kibanda ni mama, mwenye boda mzee ni baba, landlady si "mathe wa plot" ukiwa mbele yake. Asubuhi ukimsalimu Mtaita "kwawuka mana", utaona meno yote.

Hii si adabu ya bure tu. Siku doh imechelewa, ni huyo mama wa kibanda atakuandika kwa kitabu ule ulipe baadaye. Siku unaumwa usiku, ni huyo boda atakuja. Wanafunzi wanaokaa miaka minne bila kujua jina la jirani ndio hulala njaa na chakula kiko mita kumi. Na ukikopa, lipa siku ulisema. Fresha mmoja akitoroka na deni, wale wa mwaka ujao ndio hunyimwa.

Ndani ya chuo pia jiunge na kitu. Timu ya mpira, drama, kanisa ama msikiti, klabu ya mazingira, yoyote. Hata kama wewe ni mtu wa kukaa kwa rum, chagua kimoja. Ni ile siku hujaonekana mazoezini ndio mtu atauliza uko wapi.

10. Kichwa ikijam, ama fee ikigoma: usitoweke

Hii ndio ya maana kuliko zote. Mimi niliachia kolagi njiani juu ya fee, kwa hivyo hii siitoi kwa broshua ya mtu. Kuna vitu viwili vinafanana na si sawa: kuacha chuo, na kuahirisha masomo. Ukiacha tu kuja, sistimu inakuona kama mtu amekosa mitihani, na kurudi kunakuwa vita. Ukiahirisha rasmi, unaandika barua ukieleza sababu, iwe fee, ugonjwa, mimba ama msiba, unaweka ushahidi, inapita kwa idara na ofisi ya msajili wa masomo, na nafasi yako inakungoja. Ina tarehe yake kila semista. Wengi hawajui iko, wanafunga begi usiku na nafasi waliyoipigania miaka minne inaenda hivyo.

Kabla hata ufike hapo, gonga mlango wa dean wa wanafunzi. Usione haya, hiyo ndio kazi ya hiyo ofisi. Uliza kama kuna kazi za wanafunzi ndani ya chuo, kama unaweza kulipa fee kidogo kidogo, kama kuna mfuko wa wahitaji. Omba basari ya kaunti na ya CDF ya kwenu, na fomu peleka mapema, si siku dirisha linafungwa.

Kama ni kichwa, jua pia hiyo ni kawaida. Umetoka kwenu, hujui mtu, jua ni kali, kozi ni ngumu na kwa status kila mtu anaonekana amefika. Ukianza kulala siku nzima, hutaki kula, ama unafikiria kujiumiza, ongea na mshauri wa chuo hiyo siku. Red Cross wako na namba 1199, ni ya bure. Na kama ni roommate wako ndio amenyamaza wiki mbili, usiseme "huyo ni wa mambo yake". Mpikie chai, kaa chini, muulize.

Kabla wiki ya kwanza iishe, save hizi namba sita: class rep, ofisi ya dean wa wanafunzi, kliniki ya chuo, landlord ama msimamizi wa hosteli, boda mmoja unayemwamini, na mtu mmoja wa nyumbani unaweza kumwambia ukweli hata kama ni mbaya. Huyo wa mwisho mpigie kila Jumapili, doh iwe imeisha ama iko.

Voi itakuchoma jua, itakukatia maji na kukuonyesha ndovu. Lakini pia itakupa milima ya Taita asubuhi, treni ya kukurudisha kwenu Desemba, na watu wanaosalimia. Karibu comrade. Na ukikwama, uliza.